Njia ya miguu itajengwa awamu ya pili

Naomba niandike kisa kizima cha barabara ya mtaani kwetu, maana nimekisimulia vipande vipande kwa watu tofauti mpaka nimechoka, na kila ninayemsimulia ananijibu "mbona hata kwetu iko hivyohivyo". Mji siutaji, shule siitaji, ofisi siitaji, wahusika wengine bado wako kazini na wengine ni majirani tunaosalimiana kila asubuhi. Jueni tu ni Tanzania bara, mtaa wa kawaida uliojijenga wenyewe kabla ya mpimaji kufika, na katikati ya mtaa kuna shule ya msingi yenye watoto wengi kiasi kwamba wanasoma kwa zamu. Wa asubuhi wanatoka huku wa mchana wanaingia, kwa hiyo kama saa saba hivi pale getini ni kama stendi ya mkoa siku ya sikukuu.

Kabla ya lami barabara yetu ilikuwa mahandaki. Kiangazi vumbi mpaka unafua nguo mara mbili, masika tope, bajaji inazama dereva anashuka anasukuma na abiria wake. Tulilia lami miaka mingi, kila kampeni tunaahidiwa, mwisho kweli ikaja. Ninachotaka mkielewe ni kitu ambacho hata mimi nilikielewa nimeshachelewa: yale mashimo ndiyo yalikuwa matuta yetu. Gari lilikuwa halina namna, linatambaa kama kinyonga, mtoto anavuka huku anakula ubuyu na hakuna linalotokea. Lami ilipokuja mashimo yakaondoka na hakuna aliyeuliza ile kazi yaliyokuwa yanaifanya sasa ataifanya nani.

Twende taratibu. Kabla ya ujenzi uliitishwa mkutano wa mtaa, injinia akaja na ramani kubwa akaibandika kwenye ukuta wa ofisi ya serikali ya mtaa kwa gundi ya karatasi. Mimi nilikuwepo, nilisogea mpaka mbele nikaangalia kwa macho yangu. Lami katikati, mifereji pande zote mbili ikiwa imefunikwa na slabu, na nje ya mifereji njia ya waenda kwa miguu, mita moja na nusu kila upande, imechorwa na vijitu vidogo vinatembea, kimoja kimeshika mwavuli. Zebra mbili, moja mbele ya shule moja karibu na msikiti. Tukapiga makofi, mzee mmoja akasema sasa na sisi tumekuwa Masaki, kule kwa matajiri wa Dar.

Mkandarasi alipoondoka tulibaki na lami nzuri tu kwa kweli, sitaki kuwa mnafiki, pamoja na mfereji wa upande mmoja ambao nusu yake haina slabu. Upande wa shule lami inaishia palepale ukuta wa shule ulipo, kati yake kuna ukanda wa mchanga ambao kwenye sehemu finyu haufiki hata hatua moja ya mtu mzima. Njia ya miguu hamna. Zebra ya msikitini ipo, ya shuleni hamna. Tulipouliza tukaambiwa njia ya miguu itajengwa awamu ya pili.

Nilimfuata yule injinia. Ni mtu mzuri, tena namheshimu kwa sababu alinijibu ukweli wakati angeweza kunizungusha. Akasema mabomba ya maji yalikuwa juujuu kuliko michoro ilivyoonyesha, kuyahamisha kukala hela ambayo haikuwepo, halafu kalvati moja ikabidi iongezwe ukubwa, kufikia hapo fedha ya mradi haitoshi na mkataba una tarehe. "Kaka, nikipunguza tabaka la kokoto hii barabara inakufa ndani ya miaka miwili. Nikitoa mfereji inabebwa na mvua ya kwanza. Nikifupisha urefu, diwani wa kule mwisho ananila nyama. Njia ya miguu nikiitoa hakuna kinachobomoka."

Nilirudi nyumbani nalitafuna hilo neno la mwisho, kwa sababu ukilifikiria kiinjinia yuko sahihi kabisa. Barabara bila kokoto inapasuka na jina lake linapasuka nayo, kuna mkaguzi atakuja atauliza. Barabara bila njia ya miguu inasimama vilevile, inapigwa picha, inazinduliwa. Kinachobomoka ni mguu wa mtoto wa mtu, na mguu wa mtoto hauandikwi kwenye ripoti ya mradi, unaandikwa kwenye daftari la hospitali, wizara nyingine kabisa.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa na ndiyo maana nataka nikae kidogo. Watu wengi wakisikia hivi wanakimbilia kusema kuna mtu kala. Inawezekana sehemu nyingine, lakini kwetu sikuona dalili hiyo, na nafikiri hata kama kila shilingi ingetumika kwa uaminifu njia ya miguu ingekatwa tu, kwa sababu haina kifungu chake. Iko ndani ya kifungu cha barabara. Na ndani ya mfuko wa barabara yeye ndiye mtoto wa kambo, chakula kikipungua sahani yake ndiyo inayopunguzwa kwanza.

Angalieni hela ya barabara zetu inavyotembea. Barabara za mitaa na wilaya tangu Julai 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, zile kubwa ziko TANROADS, wakala wa barabara kuu, na fedha ya matengenezo sehemu kubwa inatoka kwenye tozo ya mafuta. 2021 tozo hiyo ikaongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili hasa ya barabara za vijijini na mijini, mwaka huohuo kila jimbo likatangaziwa shilingi milioni 500 za barabara, na zilisaidia, sehemu nyingi zimefunguka. Lakini sikilizeni zinavyoripotiwa: kilomita kadhaa za lami, kilomita kadhaa za changarawe, madaraja kadhaa, kalvati kadhaa. Mbunge anasimama anasoma kilomita. Hujawahi kusikia mtu anasimama anasema nimejenga mita mia sita za kutembelea watoto, na asiyetajwa kwenye hesabu ya mafanikio hatetewi kwenye hesabu ya makato. Na tozo inalipwa na wote, hata mama anayetembea kwa miguu kwenda sokoni, kwa sababu mafuta yakipanda na nyanya inapanda.

Sasa turudi mtaani. Lami ilipokauka daladala zikahamishia ruti kwetu kukwepa foleni ya barabara kuu, bodaboda nazo ndio usiseme. Sheria ya Usalama Barabarani inasema ndani ya makazi mwisho 50 kwa saa, na hata dereva akiitii, 50 kwa saa ni karibu mita 14 kila sekunde. Nilizipima. Kutoka kwenye kona ya ukuta wa shule mpaka geti lilipokuwa ni hatua kumi na nne zangu, na mimi ni mrefu. Maana yake dereva akiona mtoto kachomoka getini, ile sekunde moja ya akili kuambia mguu ukanyage breki, ameshafika. Bado hajakanyaga. Kwa 30 kwa saa angekuwa ametembea mita nane tu, na ndiyo maana mawaziri waliokutana Stockholm Februari 2020 walisema sehemu watu na magari wanapochanganyika iwe 30. Hapa duniani ajali za barabarani zinaua watu kama milioni 1.19 kwa mwaka kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, na kwa wenye umri wa miaka 5 mpaka 29 hakuna kitu kinachoua kuliko hicho, si malaria, si nini.

Mtu atauliza kwa nini watoto wasipande daladala. Nauli ya mwanafunzi shilingi 200, konda akiona sare anapiga bodi twende, kwake kila mwanafunzi aliyekaa ni kiti cha mtu anayelipa kamili kapoteza. Wanatembea. Na hata wa karibu wanatembea, mtaani kwetu watoto karibu wote wanatembea, kwa hiyo njia ya miguu ndiyo usafiri wao.

Ilichukua wiki chache. Mtoto wa darasa la pili alivunjwa mguu na pikipiki, alipona, sasa anakimbia kuliko wanangu, sitalisimulia zaidi ya hapo kwa sababu mama yake sijamwomba ruhusa. Kilichofuata mnakijua, kila Mtanzania anakijua. Magogo barabarani, tairi zinaungua, magari yamesimama mpaka jioni, kiongozi kaja na difenda la polisi, hotuba, na wiki ya pili tukapata matuta mawili. Kwetu tuta haliombwi kwa barua, linaombwa kwa damu, na barua zetu tatu za nyuma zenye muhuri zilikuwa palepale kwenye faili. Tena matuta yenyewe yalijengwa pale ajali ilipotokea, ambapo sio pale watoto wanapovukia. Ile siku mtoto alikuwa ametumwa dukani, alivukia kule chini. Shule ina ajali zake zinazosubiri mahali pengine, ila tuta likienda kwa hasira linaenda palipo na damu. Vijana wa juu huko walipoona hivyo wakajitengenezea la kwao la zege usiku, kali kama ukuta, likavunja shokapu za watu wiki nzima mpaka likabomolewa.

Kipindi hicho ndipo nilipoanza kufuatilia kazi ya shirika moja linaitwa Amend, liko Dar es Salaam miaka mingi, lina mradi wake unaitwa SARSAI. Ukiondoa jina refu la Kiingereza, kazi yao ni kwenda kwenye shule ambayo watoto wake wanagongwa sana, kupima mazingira ya barabara ya pale, kisha kujenga vitu vidogo vidogo vya bei nafuu: matuta, zebra, vibao, njia ya kutembea iliyotengwa na nguzo fupi za zege ili gari na boda zisipande, na wakati mwingine kuhamisha geti la shule. Pamoja na kuwafundisha watoto. Hamna barabara ya juu, hamna taa za kisasa. Na ndio haohao waliogawa mabegi ya shule yenye vipande vinavyong'aa gizani, kama mmewahi kuyaona.

Kilichonikamata sio vifaa, vifaa tunavijua. Ni mpangilio. Wao wanaanza na swali la nani anaumia na anaumia wapi, wanauliza wazazi, walimu, watoto wenyewe, halafu ndio wanachora. Na wamepimwa: Dar es Salaam walichukua shule tisa zilizofanyiwa kazi na nyingine tisa za kulinganisha, na matokeo yaliyochapishwa yakaonyesha majeruhi wa ajali za barabarani kwenye zile zilizofanyiwa walipungua kwa asilimia 26. Ukisema robo inaonekana ndogo, haya hesabu darasa la watoto waliogongwa toa mmoja katika kila wanne, muulize mama yake kama ni ndogo. Spidi za magari nazo zilishuka, sehemu nyingine hadi asilimia 60. Aprili 2019 kule New York mradi huo ukashinda tuzo ya miji ya WRI Ross, inayotolewa na taasisi ya utafiti ya Marekani, dola 250,000, ukiwa umewashinda wenzake wa fainali akiwemo yule wa vibanda vya kamba vinavyopita hewani vya Medellín kule Colombia. Nilicheka peke yangu niliposoma. Wenzetu wamepeleka usafiri wa kupaa, sisi tumepeleka tuta na geti, tumerudi na kombe.

Basi tukasema na sisi tufanye SARSAI ya maskini. Mimi, mwalimu mkuu, mwenyekiti wa mtaa, wazazi wanne na fundi mmoja wa kuchomelea. Siku tatu tukasimama barabarani na madaftari, asubuhi na saa saba, tunahesabu mtoto katokea wapi kavukia wapi. Mwalimu wa darasa la nne akafanya kitu kizuri kuliko vyote, akawapa watoto chaki wachore ubaoni njia wanayopita kutoka nyumbani. Kumbe sisi watu wazima tulikuwa hatujui kitu. Tulidhani wengi wanatoka upande wa barabara kuu, kumbe zaidi ya nusu wanatoka nyuma, upande wa kisima, wanazunguka ukuta mzima wa shule kwa nje, wanatembea juu ya lami kwa sababu ukanda wa mchanga umejaa boda zinazosubiri wateja, ili tu waje waingie kwenye geti lililoko mbele. Geti liliwekwa mbele enzi hizo kwa sababu geti la heshima linatazama barabara. Na wakitoka hawaendi nyumbani moja kwa moja, wanavuka kwanza ng'ambo kwa mama muuza barafu na kashata. Ndiyo ile picha ya watoto kuchomoka getini mbio, wanawahi barafu.

Tukapata jawabu la bei rahisi kuliko yote: geti lihamie nyuma, uchochoroni.

Sasa angalieni maajabu ya vifungu. Tungeomba njia ya miguu tungesubiri awamu ya pili. Tungechora zebra wenyewe tungekuwa tumevunja sheria, kwenye hifadhi ya barabara huruhusiwi kuweka hata kigingi bila kibali. Lakini geti ni mali ya shule. Kubomoa ukuta nyuma na kuziba mbele kunaitwa ukarabati, na ukarabati wa shule una jina kwenye daftari la kamati ya shule, una mahali pa kuandikwa, una watu waliozoea kuusaini. Kitu kilekile, lengo lilelile la kuzuia mtoto asigongwe, kikiitwa usalama barabarani hakina hela, kikiitwa ukarabati kinajadiliwa kikao cha kwanza na kupitishwa. Hela yenyewe ya shule haitoshi kitu, ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka na sehemu yake inabaki juu kwa ajili ya vitabu, kwa hiyo ilibidi wazazi wachange. Na mchango wa lazima umepigwa marufuku tangu elimu bila malipo ianze 2016, mwalimu mkuu alikuwa anatetemeka hata kulitamka neno, ndio maana mwenyekiti wa mtaa alilichukua yeye, hiari kabisa, mwenye mfuko wa simenti alete mwenye nguvu alete mikono. Mzee mmoja hana mtoto pale, alileta tofali hamsini, akasema yeye anataka tu kulala mchana bila kusikia breki.

Likizo ya Juni tukafanya. Fundi alilikata lile geti la zamani akalipunguza upana, likaingia nyuma, palepale pa mbele tukajenga ukuta na kuacha kamlango ka walimu. Wiki ya kwanza shule ilipofunguliwa nilikwenda kuangalia saa saba. Watoto wanamwagika uchochoroni kama maji, hamna gari, na mama wa barafu kasimama kule na beseni lake tayari, hakuambiwa na mtu. Biashara inafuata watoto. Nilikuwa nimekaa usiku mzima nafikiria tutamwambiaje yule mama ahame, kumbe kahama kabla yetu.

Nisijisifu sana, tulikosea na sisi. Uchochoro ule ni mchanga mzito, na shuleni kuna mtoto anayetumia kiti cha magurudumu, hakuna hata mmoja wetu aliyemkumbuka kwenye zile siku tatu za kuhesabu, kwa sababu yeye analetwa na boda na kaka yake na hakuhesabika kama mtembeaji. Siku ya kwanza kiti kilikwama mchangani, wenzake wakakibeba juujuu na yeye kapakata begi, anatazama pembeni. Ile aibu bado ninayo. Tulitafuta vipande vya pevingi vilivyobaki kwenye nyumba ya mtu tukatandika kama mita thelathini, vinacheza kidogo lakini anapita.

Kuhusu zile nguzo fupi upande wa mbele, kwa ajili ya watoto wachache ambao bado wanapita kule, tuliomba kibali na kwa haki tulipewa, baada ya miezi, na masharti kwamba gharama ni zetu na vipimo ni vyao. Tukazifinyanga wenyewe, unachukua bomba la plastiki la inchi sita unalisimamisha, nondo katikati, zege, ukishakauka unalipasua bomba. Kumi na mbili. Lori la mchanga limeshaangusha tatu, na moja kuna kijana wa boda anaifungia helmeti yake.

Kuna ndugu yangu yuko Marekani, nilipompigia kumsimulia akaniambia kule hii kitu ina mfuko wake. Nikafuatilia. Ile sheria yao kubwa ya miundombinu ya Novemba 2021 iliweka dola bilioni 5 kwa miaka mitano kwa ajili ya usalama wa mitaa tu, mji au kaunti inaomba, ikitaka ya kujengea inabidi iwe na mpango wa maandishi, na yenyewe ichangie asilimia 20. Na kabla ya hapo, tangu 2005, walikuwa na mfuko wa njia salama za kwenda shule. Sio kwamba watembea kwa miguu kule hawafi, wanakufa kwa maelfu, nchi ile imejengewa gari. Lakini jambo moja wamelipata: ile hela ina jina. Injinia wao akizidiwa na mabomba hawezi kuichota akamalizia kokoto, akiichota kuna swali. Nairobi nako 2015 kaunti ilipitisha sera kwamba asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa wanaotembea na waendesha baiskeli, jambo zuri kwenye karatasi, ila sera inasimama pale bajeti inapokubali kuitii, na anayekata bajeti ni yuleyule.

Hata mfuko wenye jina nao una mtego wake. Fikiria ungeanzishwa hapa kesho, halmashauri ziandike maombi zishindane. Zitakazoshinda ni zenye ofisa anayejua kuandika, mwenye laptopu nzima na umeme, na zile ambazo watoto wanagongwa sana ndizo hazina muda wa kuandika. Amend walikwepa hilo kwa kuanza na majeruhi badala ya maombi, nadhani huko ndiko akili ilipo. Na ruzuku yoyote inapenda kujenga, haipendi kupaka rangi. Zebra ya msikitini imeshafutika, inabidi ujue ilikuwepo ndipo uione.

Na sio kweli kwamba hatuwezi. Ule mradi mkubwa wa Dar es Salaam uliokopewa dola milioni 300 Benki ya Dunia, DMDP, barabara zake nyingi za mitaani zina njia ya miguu na taa na mifereji ya kueleweka, na barabara ya mabasi ya mwendokasi ya kwanza kutoka Kimara mpaka Kivukoni ilikuja na njia za miguu pembeni. Mwenye hela akiandika kwenye mkataba kwamba njia ya miguu ni sehemu ya barabara, inajengwa. Sisi wenyewe tukiandika, tunaiandika kwenye ramani. Ramani hailipwi. Inayolipwa ni lile jedwali la gharama, BOQ, mstari kwa mstari.

Mwezi uliopita mtaa wa pili wameanza kuchimbiwa nao lami. Injinia wa kwetu kahamishwa, huyu ni kijana mpya, mchangamfu, kabandika ramani palepale kwenye ukuta wa ofisi, gundi ileile. Nimekwenda kuangalia. Njia ya miguu ipo, mita moja na nusu, kila upande, vijitu vinatembea na yule wa mwavuli yupo. Nikamwomba anionyeshe kwenye BOQ iko mstari wa ngapi. Akafungua, akapekua mpaka mwisho, akarudi mwanzo akapekua tena, halafu akasema nimwachie namba yangu atanipigia.